Kila Sentimita Ina Mwenyewe

Novemba 1939, kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam aliendesha gari hadi Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Jina lake lilikuwa Roald Dahl, yule ambaye baadaye dunia ilimjua kwa hadithi zake za watoto. Alikuwa na urefu wa futi sita na inchi sita, yaani karibu sentimita 198. Ndege aliyopewa kujifunzia ilikuwa Tiger Moth, yenye bawa juu ya bawa na viti viwili vilivyo wazi. Kioo kidogo kilicho mbele ya kila kiti kilitosha kumkinga mtu wa kimo cha kawaida. Kichwa cha Dahl kilikipita. Katika kumbukumbu zake ameeleza jinsi upepo ulivyompiga usoni hata akashindwa kuvuta pumzi, ikambidi ainame nyuma ya kioo kila mara ili apumue. Mwishowe alijifunga kitambaa chepesi cha pamba puani na mdomoni, na hivyo ndivyo alivyojifunza kuruka juu ya nyanda za Kenya.

Taabu hiyo ilimfuata vitani. Mwaka 1941 alirusha ndege ya Hurricane kutoka Misri hadi Ugiriki, saa nne na zaidi akiwa amejikunja kitini. Alipotua, miguu ilikuwa imekaza kiasi kwamba hakuweza kutoka mwenyewe, ikabidi ainuliwe.

Jeshi lililo vitani lina ndege maelfu za namna moja na vijana wa kila namna, kwa hiyo kijana ndiye anayekunjwa mpaka aingie. Ninayetaka kumsifu hapa ni fundi wa njia nyingine: yule anayejenga ndege ndogo kwa mikono yake, akafika kwenye chumba cha rubani, akaona kwamba ramani ilichorwa kwa ajili ya mtu mfupi kuliko atakayeirusha. Yeye huuacha mwili ulivyo, akaenda kuuliza mbao, bati na hesabu kama zinaweza kusogea. Kazi hiyo ikikamilika vizuri haionekani kabisa. Rubani anaketi, anafunga mikanda, anaruka, na hakuna anayejua kwamba pale chini ya goti lake kuna majuma ya kupima, kufuta na kupima tena.

Thamani ya kazi hiyo inaonekana vizuri katika Tiger Moth yenyewe, kwa sababu nayo ilizaliwa kutokana na marekebisho ya chumba cha rubani. Kampuni ya de Havilland tayari ilikuwa na ndege iitwayo Moth, ila jeshi lilitaka mwalimu, ambaye hukaa kiti cha mbele, aweze kuruka nje upesi akiwa na parachuti. Katika ile Moth ya awali, nguzo zinazoshikilia bawa la juu zilikizingira kiti hicho, na kutoka kulikuwa shida. Wahandisi wakaisogeza mbele sehemu ya katikati ya bawa la juu, njia ikafunguka. Hapo tatizo la pili likajitokeza: bawa likisogea mbele, nguvu inayoibeba ndege husogea nalo, na uwiano wa ndege nzima huharibika. Basi wakazivuta mbawa nyuma kuelekea ncha zake mpaka uwiano ukarudi. Oktoba 1931 ndege hiyo iliruka kwa mara ya kwanza. Ule mshazari wa mbawa zake, ambao wapenzi wa ndege huutambua kutoka mbali, ni malipo ya nafasi aliyopewa mtu mwenye parachuti.

Hiyo ndiyo sheria ya kazi nzima. Ndani ya ndege ndogo hakuna nafasi ya bure. Kila sentimita ina mwenyewe: kuna ya boriti, kuna ya tangi, kuna ya waya za usukani, kuna ya uwiano. Ukitaka kumpa rubani sentimita moja, lazima ujue unaichukua kwa nani, na huyo naye atadai nini.

Ndege ya kiwandani haichezewi. Imeidhinishwa ilivyo, na hata kuhamisha kiti kunahitaji idhini na karatasi. Ndege inayojengwa nyumbani ina uhuru zaidi, kwa kuwa mjenzi ndiye mtengenezaji. Marekani, ambako chama cha wajenzi wa namna hii, EAA, kilianzishwa mwaka 1953, sharti kuu ni kwamba sehemu kubwa ya ndege iwe imejengwa na mtu kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Hapa Kenya watu wengi walisikia habari za kazi hii kupitia Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta wa Nyeri, ambaye miaka ya 2010 alijulikana kwa kujenga ndege uani kwake. Uhuru huo haumwondoi mtu chini ya sheria. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, iliyoundwa mwaka 2002, ndiyo yenye neno kuhusu chombo chochote kinachotaka kupaa katika anga ya nchi hii, na fundi mwenye busara humwendea mkaguzi kabla ya kukata kitu.

Tuseme basi mjenzi wetu yuko Nuu, mashariki ya Mwingi, chini ya milima. Amenunua ramani za ndege ya mbao yenye kiti kimoja. Rubani ni kijana wa hapo hapo, mita 1.95, kilo 95. Kwa miaka mingi wabunifu wa ndege ndogo walimhesabu mtu mmoja kuwa pauni 170, yaani kilo 77. Kijana wetu ameuzidi uzito huo kwa kilo 18 kabla hajavaa viatu.

Wakulima wa Nuu wanaielewa hatua ya kwanza bila kufundishwa. Mpini wa jembe hukatwa kwa kimo cha atakayelima. Ukimpa mtu mrefu mpini mfupi, shamba litalimika lakini mgongo utalipa. Tofauti ni kwamba mpini ni kitu kimoja. Chumba cha rubani ni vitu kumi vinavyotegemeana, na mwili wa mtu hauna kimo kimoja.

Kwa hiyo fundi haulizi, "Una urefu gani?" Anamketisha kijana kwenye benchi gumu, mgongo ukutani, anaweka pimamaji juu ya kichwa na kupiga mstari kwa penseli. Hicho ni kimo cha kuketi. Kisha anapima kutoka ukutani hadi mbele ya goti, kutoka sakafuni hadi chini ya paja, upana wa mabega, upana wa nyonga, urefu wa mkono hadi ngumi. Watu wawili wenye urefu sawa wakisimama wanaweza kupishana kwa sentimita nyingi wakiketi. Mmoja ana kiwiliwili kirefu, na kichwa chake kitagonga paa. Mwingine ana miguu mirefu, na magoti yake yataingia kwenye dashibodi. Jambo hili lina uzito wake hapa Afrika Mashariki. Wataalamu wa maumbile ya binadamu wameonyesha kwamba jamii nyingi za nchi za joto na ukame, hasa za Sudan Kusini, zina miguu mirefu zikilinganishwa na kiwiliwili. Ndege nyingi ndogo zilichorwa kwa vipimo vya Wazungu na Wamarekani. Rubani mrefu wa huku anaweza kukuta kichwa chake kina nafasi ya kutosha huku miguu ikikosa pa kwenda. Fundi akinakili marekebisho yaliyofanywa kwa mtu mrefu wa Ulaya, anaweza kuinua paa bure na kuacha ugonjwa ulipo.

Baada ya vipimo, fundi hagusi ndege. Anajenga chumba cha uongo. Plaiwudi nyembamba kutoka duka la vifaa Mwingi, katoni, misumari, vipande vya mbao, na kila kitu kinawekwa mahali pake kama ramani inavyosema: sakafu, kiti, mihimili ya kando, dashibodi, pedali, fimbo ya usukani. Kijana anaingia amevaa viatu atakavyorukia na vifaa vya masikioni, na anajifunga mikanda. Wenye haraka huruka hatua hii, nao ndio huishia kukata kitu cha kweli mara mbili.

Hapa ndipo kazi inapoanza kuwa tamu kuitazama. Kijana anaambiwa afumbe macho, ajilegeze, aweke mikono na miguu panapompendeza. Fundi anatia alama. Kisha anaambiwa afumbue macho na kutazama mbele: jicho liko wapi kulingana na ukingo wa dashibodi? Likiwa chini sana, hataiona njia wakati wa kutua. Likiwa juu sana, kichwa kiko karibu na kifuniko. Kisha fimbo ya usukani. Anaisukuma kushoto hadi mwisho, inakutana na paja. Anaivuta nyuma, inagonga kifungo cha mkanda. Fundi anapiga magoti kando ya plaiwudi na penseli sikioni, anapima pengo lililobaki kati ya fimbo na paja, anaandika. Fimbo isiyofika mwisho wa mwendo wake ni usukani uliopunguzwa, na siku upepo wa kando utakapovuma uwanjani, ule upungufu ndio utakaohitajika. Wakati mwingine dawa ni kuifupisha fimbo. Wakati mwingine ni kuipinda kidogo ilipite goti. Wakati mwingine ni kuinua mapaja kwa kuinua ukingo wa mbele wa kiti, ili magoti yapande na kuachana. Kila dawa inajaribiwa kwa plaiwudi kwanza, na kijana anaketi humo kwa saa nzima, kwa sababu kiti kinachostahimilika kwa dakika tano kinaweza kuwa adhabu kikifika dakika ya hamsini.

Tuanze na kichwa. Njia ya kwanza ni kushusha kiti. Ndege nyingi za mbao zina kiti cha ubao kilichoinuliwa juu ya sakafu, na chini yake hupita waya au fito za usukani. Ukikitoa kiti hicho na kutandaza turubai imara lililofungwa kwenye mihimili, mtu hushuka sentimita kadhaa, mradi turubai lisilegee likagusa waya hizo. Njia ya pili ni kupunguza sponji. Hapa fundi mwema anakuwa mgumu. Sponji laini hubonyea na haimsaidii mtu siku ya ajali, ila ile ngumu inayobonyea polepole ndiyo inayoukinga uti wa mgongo ndege ikianguka kwa tumbo. Anaweza kupunguza ile laini. Ile ngumu haiondoi, hata rubani ambembeleze vipi.

Njia ya tatu ni kulaza egemeo, na hesabu yake inapendeza. Chukua kijana ambaye kutoka kiti hadi utosi ni sentimita 100. Egemeo likiwa limelala digrii 10 kutoka wima, kichwa kinafika kimo cha sentimita 98.5. Ukililaza hadi digrii 30, kinashuka hadi 86.6. Umepata karibu sentimita 12 bila kugusa paa. Lakini tazama upande mwingine wa pembe. Kwa digrii 10, kichwa kiko sentimita 17 nyuma ya nyonga. Kwa digrii 30, kiko sentimita 50. Umeomba sentimita 12 za kwenda juu, ukalipa karibu 33 za kwenda nyuma au mbele. Tena shingo haitakubali kulala. Mtu huinua kichwa ili aone mbele, na sehemu ya ile faida hupotea. Marubani wa ndege zisizo na injini hulala sana kwa sababu ndege zao zina pua ndefu yenye nafasi ya miguu. Ndege yetu ya Nuu ina injini hapo puani.

Inabaki njia ya nne, kuinua kifuniko. Plastiki angavu ikipandishwa sentimita tano huongeza upepo unaoivuta ndege nyuma, na hilo linavumilika. Lisilovumilika ni kusahau kile chuma kilicho nyuma ya kichwa kinachomlinda mtu ndege ikipinduka. Kichwa kikipanda, chuma nacho kipande, na viungo vyake vihesabiwe upya. Na pengo kati ya utosi na kifuniko lisiwe la ubahili. Katika nyanda za Kitui na Makueni ardhi hupata moto kufikia saa nane mchana, hewa hupanda kwa vishindo, na ndege ndogo hurushwa juu na chini. Askari wa wanyamapori wanaozunguka mpaka wa Tsavo kwa Piper Super Cub, ndege iliyoanza kutengenezwa mwaka 1949 na ambayo wakaaji wake wawili hufuatana mmoja nyuma ya mwingine, wanayajua mawimbi hayo na hupenda kuruka asubuhi. Pengo la vidole viwili juu ya kichwa linatosha ndege ikiwa imesimama chini ya mwembe. Angani wakati wa mchana halitoshi.

Sasa miguu. Pedali zikisogezwa mbele, mguu unanyooka na goti linashuka. Jambo jepesi, mpaka utazame kilicho mbele yake: ule ukuta wa bati unaomtenga rubani na injini. Kati ya kidole gumba cha mguu na ukuta huo lazima pabaki nafasi pedali ikiwa imekanyagwa yote. Waya za usukani wa mkia zinabadilika urefu, na pembe ya mvuto wake inabadilika. Fundi anasukuma pedali ya kushoto kwa mkono huku akiutazama mkia: je, bado unafika mwisho wa mwendo wake pande zote mbili? Kisha anarudi kwenye goti. Dashibodi inaweza kukatwa ukingo wa chini katika umbo la upinde, goti likapita. Lakini pale palikuwa na saa ya mafuta na redio. Zinahamia juu, na zikihamia juu zinakaribia macho, na dira ya sumaku haipendi kukaa karibu na redio. Kumpa goti nafasi kumefika hadi kwenye dira. Mtu asiye na subira angekasirika hapa. Fundi ninayemsifu anachora dashibodi upya kwenye katoni, anakata matundu kwa wembe, anaibandika, na kijana anaketi tena.

Kuna vitu viwili ambavyo haviombwi hata sentimita moja. Cha kwanza ni boriti kuu ya bawa. Katika ndege nyingi zenye bawa chini, boriti hiyo hupita ndani ya chumba, ama chini ya mapaja ama nyuma ya kiti, na inabeba uzito wote wa ndege angani. Cha pili ni mihimili mirefu ya kiwiliwili, ile minne inayotoka kwenye injini hadi mkiani. Kijana mpana wa mabega atatamani ile ya juu ichongwe ndani kidogo. Haichongwi. Kama mabega hayaingii, kiwiliwili kinapanuliwa tangu ramani, mihimili mipya inalazwa, na plaiwudi ya kando inakatwa upya. Ndiyo maana wakati mzuri wa kumpima rubani ni kabla gundi ya kwanza haijapakwa.

Na mihimili hiyo inachaguliwa kwa jicho ambalo seremala wa Kitui analo tayari. Mbao za ndege, ambazo kwa kawaida ni spruce ya Amerika Kaskazini, zina kanuni kali: nyuzi zisipotoke zaidi ya sehemu moja kwa kumi na tano za urefu, na pete za ukuaji zisipungue sita katika inchi moja. Mtu aliyezoea mukau, mti wa nchi kavu ambao taasisi ya misitu ya KEFRI imeushughulikia kwa miaka mingi katika kituo chake cha Kitui, anajua kuusoma ubao kabla ya kuupiga randa: nyuzi zinaelekea wapi, fundo limejificha wapi, ni upande upi utakaopinda ukikauka. Mukau ni mzito kuliko spruce, na boriti ya bawa si mahali pake. Bali kwa fremu ya kujaribia kiti, na kwa viunzi vinavyoshika mihimili wakati gundi inakauka, unafaa sana. Ni imara na mchwa hawauwezi kirahisi.

Nimeiacha mizani mwisho, maana nayo ndiyo inayotoa hukumu. Kila ndege ina mahali ambapo uzito wake wote huwa kama umekusanyika, kitovu cha uzito, na mbunifu ameweka mipaka ya mbele na nyuma ambayo kitovu hicho hakiruhusiwi kuivuka. Katika ndege ndogo nafasi nzima kati ya mipaka hiyo inaweza kuwa sentimita 15 tu. Kikienda mbele mno, pua inakuwa nzito na kutua kunakuwa kazi. Kikienda nyuma mno, hatari ni kubwa zaidi: ndege haitulii, na bawa likiacha kubeba, ndege inaweza kuanza kuporomoka ikizunguka na rubani asiweze kuitoa humo.

Tuseme marekebisho yetu yamemrudisha kijana nyuma sentimita 8. Ndege nzima, na rubani ndani, ina kilo 400. Zidisha kilo 95 kwa sentimita 8, unapata 760. Gawanya kwa 400: kitovu kimerudi nyuma sentimita 1.9. Katika nafasi ya sentimita 15, hiyo ni zaidi ya moja ya kumi. Na lazima fundi aifanye hesabu hiyo kwa hali mbaya kuliko zote. Ndege nyingi za namna hii zina tangi puani, mbele ya dashibodi, kwa hiyo kadiri mafuta yanavyochomwa ndivyo kitovu kinavyorudi nyuma. Ndege iliyo sawa ikipaa inaweza kutua ikiwa imevuka mpaka. Kwa hiyo anaihesabu tangi ikiwa karibu tupu, rubani akiwa na koti na viatu vizito.

Halafu anatafuta wa kulilipa deni hilo. Betri ya kilo 7 ilikuwa nyuma ya kiti. Anaihamisha sentimita 110 mbele, hadi kwenye ule ukuta wa injini. Saba mara 110 ni 770. Gawanya kwa 400: sentimita 1.9 na kidogo, safari hii kuelekea mbele. Deni limelipwa bila kuongeza uzito wowote ila waya fupi na kishikio kipya. Nakubali kwamba hesabu hii inanifurahisha kuliko mashairi mengi. Mtu amepewa nafasi ya kunyoosha mgongo, betri imehama, na ndege haikudai kitu zaidi. Wapo mafundi wangefunga kipande cha risasi puani kupata matokeo hayo hayo, na kwa mizani ni sahihi. Ila ndege imebeba mzigo usiofanya kazi nyingine yoyote, na katika uwanja ulio juu kama Wilson, Nairobi, karibu mita 1,690 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huibia bawa na injini nguvu, kila kilo inahesabiwa wakati wa kupaa.

Zipo ndege ambazo deni hulipwa na bawa lenyewe. Bernard Pietenpol, fundi wa kijiji cha Cherry Grove huko Minnesota, mwaka 1929 alirusha ndege ya mbao iitwayo Air Camper kwa injini ya gari la Ford Model A, na watu wanaijenga mpaka leo. Bawa lake liko juu, limeshikwa na nguzo fupi zinazosimama kwenye kiwiliwili. Wajenzi wenye marubani wazito wamezoea kuzilaza nguzo hizo nyuma kwa inchi chache. Bawa zima linarudi nyuma, na kitovu cha uzito, bila kuhama mahali pake, kinajikuta tena ndani ya mipaka. Hapo mwili wa rubani umelisogeza bawa. Ni wazo lile lile la wahandisi wa de Havilland, limefanywa na mtu mmoja katika karakana yake kwa bolti chache na timazi.

Kazi haiishi rubani anapotabasamu. Ndege inawekwa juu ya mizani tatu, moja chini ya kila gurudumu, ikiwa imesawazishwa kama inavyokuwa angani. Namba zinasomwa, kitovu kinatafutwa kwa kipimo, hakikisiwi kutoka kwenye ramani. Kisha rubani anaketi ndani na namba zinasomwa tena. Kama karatasi na mizani havikubaliani, karatasi ndiyo inayorekebishwa.

Na kisha fundi anaandika. Sehemu hii haina harufu ya gundi wala sauti ya msasa, na kwangu mimi ndiyo inayomtenga fundi bora na fundi hodari. Anaandika kwamba kiti kimerudishwa sentimita 8, pedali zimesogezwa mbele, betri imehamishwa, egemeo limelazwa, kifuniko na chuma cha kulinda kichwa vimepandishwa. Anaandika uzito mdogo na mkubwa wa rubani anayeruhusiwa kuketi humo. Maana ndege iliyomkubali mtu mrefu imebadilika kwa kila mtu mwingine. Siku moja itauzwa, na mnunuzi huenda akawa mama wa kilo 55 asiyefikia pedali bila mto mgongoni, na ambaye uzito wake mdogo utakifanya kitovu kwenda mbele kuliko kilivyowahi kwenda. Bila karatasi hiyo atajifunza hayo angani. Akiwa nayo, atajua kabla ya kupanda kwamba anahitaji egemeo la kuongeza, pedali zinazorekebishika, na labda betri irudi ilikokuwa.

Vijana wa vyuo vya ufundi vya Kitui na Makueni wanafundishwa kuunga mbao, kuchomelea na kusoma ramani. Waongezewe hili: kumketisha mtu na kumpima, kujenga chumba cha uongo kabla ya cha kweli, kuuliza kila sentimita ni ya nani, na kuandika walichobadilisha kwa ajili ya mtu wasiyemjua. Si lazima wajenge ndege. Kiti cha magurudumu, dawati la shule, gari la wagonjwa na teksi ya bodaboda yenye kiti cha mgonjwa vinahitaji mikono hiyo hiyo. Mwili wa mtu hauna ramani moja, na fundi aliyelikubali hilo tangu siku ya kwanza ya kupima ataokoa migongo mingi.